Jinsi ya kuchagua kasi ya sampuli unapopima mawimbi ya umeme

Chukua umeme wa gridi, ambao Tanzania na Kenya ni wa Hz 50, uupime kwa kifaa kinachochukua sampuli 49 kwa sekunde. Kompyuta itakuchorea wimbi laini lenye kilele chake na bonde lake, linalopanda na kushuka mara moja kwa sekunde. Ongeza sampuli moja, ziwe 50, na wimbi litatoweka: utaona mstari ulionyooka, kana kwamba umepima betri. Ongeza nyingine, ziwe 51, na wimbi la Hz 1 litarudi. Mchoro hauna kelele, hakuna onyo lolote kwenye skrini, na kifaa ni kizima. Kila sampuli, ukiitazama peke yake, ni sahihi. Kilichokosewa ni muda uliopita kati ya sampuli moja na inayofuata.

Watu wa pwani wana mfano wa jambo hili mlangoni mwao. Maji ya bahari hujaa na kupwa kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25 hivi. Mtu ambaye angeandika kimo cha maji mara moja tu kwa siku, kila siku saa ileile, angepata daftari linaloonyesha bahari inayochukua karibu siku 15 kujaa na kupwa. Mvuvi hawezi kukosea hivyo kwa sababu anashinda na bahari. Daftari ndilo linalopotoka. Setilaiti ya TOPEX/Poseidon, iliyorushwa mwaka 1992 kupima kimo cha bahari, ilirudi juu ya njia ileile kila baada ya siku 9.9156, na katika data yake mzunguko huo wa nusu siku ulijitokeza kama wimbi la siku 62. Hilo halikuwashangaza walioipanga. Walikuwa wamelipigia hesabu kabla ya kuirusha, wakachagua njia ambayo mawimbi bandia ya namna hiyo yangeangukia mahali yanapoweza kutambuliwa na kutenganishwa.

Nawe fanya vivyo hivyo, hata kama unapima inveta ya sola iliyo sebuleni. Uamuzi wote hufanyika kabla ya sampuli ya kwanza. Wimbi bandia likishaingia kwenye kumbukumbu, namba zake ni zilezile ambazo wimbi la kweli lingetoa, na hakuna programu inayoweza kuyatenganisha mawili hayo baadaye.

Hesabia kinachoingia, si unachokitaka

Msingi wa nadharia uliwekwa na Harry Nyquist mwaka 1928, Vladimir Kotelnikov mwaka 1933 na Claude Shannon mwaka 1949. Kwa ufupi, kasi ya sampuli lazima izidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo kwenye wimbi. Karibu kila fundi wa elektroniki amewahi kuisikia kanuni hii, na wengi huitumia vibaya, kwa sababu wanaposikia "masafa ya juu kabisa" huwaza masafa wanayotaka kuyapima. Nataka Hz 50, basi sampuli 200 zinatosha na chenji inabaki. Sivyo. Kanuni inazungumzia masafa yote yanayofika kwenye mlango wa kigeuzi (sehemu ya kifaa inayogeuza volti kuwa namba), uyatake usiyatake: mabaki ya swichi za inveta, uchafu wa chaja za simu, redio ya jirani iliyodakwa na waya mrefu wa probu.

Tena ni kuzidi, si kulingana. Ukichukua sampuli 100 kwa sekunde kwenye wimbi la Hz 50, unaweza kuziangusha zote mahali wimbi linapokata sifuri, ukaandika kwamba hakuna umeme.

Kujua wimbi bandia litatokea wapi ni kazi ya kutoa tu. Chukua masafa ya kweli, tafuta kigawe cha kasi ya sampuli kilicho karibu nayo zaidi, kisha upate tofauti kati ya viwili hivyo. Hz 50 kwa sampuli 40: kigawe cha karibu ni 40, tofauti ni 10, kwa hiyo utaona Hz 10. Hz 20,050 kwa sampuli 10,000: kigawe ni 20,000, utaona Hz 50. Fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla hujagusa waya wowote. Ni dakika mbili.

Pale namba nzuri inapoponza

Tuseme unapima mkondo unaoingia kwenye kidhibiti kasi cha mota ya fezi tatu, kama vile vinavyoendesha pampu za maji na mashine za viwandani. Rektifaya ya mapigo sita iliyo ndani yake huvuta mkondo wenye hamoniki za 5, 7, 11, 13, 17, 19 na kuendelea, yaani Hz 250, 350, 550, 650, 850 na 950. Umeweka sampuli 1,000 kwa sekunde. Ni namba nzuri, inagawanyika vizuri, inakupa sampuli 20 kwa kila mzunguko wa Hz 50. Lakini nusu yake ni 500, na chochote kilicho juu ya hapo kinakunjwa kurudi chini.

Hz 550 itaonekana kama 450. Hz 650 itaangukia juu ya 350, ijumlishwe na hamoniki ya 7 ya kweli au iipunguze. Hz 950 itatua juu ya Hz 50 yenyewe, ikuharibie kipimo cha mkondo mkuu. Iliyo mbaya kuliko zote ni Hz 850, hamoniki ya 17, ambayo itajitokeza kama Hz 150, yaani hamoniki ya 3. Rektifaya ya aina hii, fezi zake zikiwa sawa, haitoi hamoniki ya 3 ya kutajwa. Fundi anayesoma mchoro huo ataona hamoniki ya 3, ambayo kila kitabu kinasema hujumlika kwenye nyutro, na atamshauri mwenye kiwanda anunue waya mnene zaidi wa nyutro. Fedha zitatumika kutibu ugonjwa ambao haukuwepo.

Angalia kwamba kilichoficha kosa ni uzuri wa namba. Kwa kuwa 1,000 ni kigawe cha 50, kila wimbi bandia limetua juu ya mstari wa hamoniki halali. Ungetumia sampuli 1,130, Hz 850 ingeonekana kama 280, mahali ambapo hamoniki ya Hz 50 haiwezi kuwepo, na ungeshtuka mara moja.

Ukitaka kuripoti hamoniki hadi ya 40, ambayo ni Hz 2,000, usianzie sampuli 4,001. Anzia 10,000 na kwenda juu, uweke na chujio. Chagua pia kasi inayoingiza idadi kamili ya sampuli ndani ya milisekunde 200, kwa kuwa huo ndio muda ambao kiwango cha kimataifa cha IEC 61000-4-7 hutumia, mizunguko 10 ya Hz 50. Sampuli 10,240 kwa sekunde zinakupa 2,048 ndani ya muda huo, namba inayopendwa na programu za kuchanganua masafa.

Chujio huja kwanza

Simu za kidijitali zilipoanza kuchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, sauti ilikatwa kwanza ibaki chini ya Hz 3,400 hivi. Chujio lilikaa kabla ya kigeuzi, na hapo ndipo linapotakiwa kukaa hata kwenye kazi yako. Chujio la programu linaloendeshwa baada ya sampuli halisaidii lolote dhidi ya masafa bandia; linachuja maji yaliyokwisha changanyika.

Chujio rahisi ni rezista moja na kapasita moja. Masafa yake ya kukata ni 1 ukigawa kwa 2πRC. Rezista ya kilo-ohmu 1 na kapasita ya nanofaradi 39 hukata karibu na kHz 4. Hz 2,000 itapungua kwa asilimia 10 hivi, upungufu unaoweza kuurudisha kwa hesabu. Lakini usilitegemee chujio hili kupita uwezo wake. Lina mteremko wa pole: kHz 20 inayoingia kwa volti 1 bado itatoka kwa volti 0.2.

Sasa tuseme inveta unayoipima huwasha na kuzima swichi zake kwa kHz 20, na wewe una sampuli 10,000. Kigawe cha 10,000 kimeangukia hasa juu ya 20,000. Vipande vya pembeni vya masafa hayo, vinavyopishana nayo kwa Hz 50 au Hz 100, vitashuka hadi Hz 50 na Hz 100, vikiwa vimepunguzwa mara tano tu. Hapo chujio halijakuokoa.

Badala ya kuhangaika na chujio kali lenye hatua nane, panda kasi. Ukitumia sampuli 50,000, kHz 20 inabaki kHz 20, mahali pake halali, na sasa programu inaweza kuiondoa kwa sababu haijajificha. Hata hivyo vigawe vya kHz 20 vipo pia, 40, 60, 80, 100, na kile cha kHz 100 ni mara mbili kamili ya kasi yako, kwa hiyo kitarudi sifuri pamoja na vipande vyake vya pembeni. Mimi ningechagua 48,000. Pigia hesabu: kHz 40 inaangukia 8, kHz 60 inaangukia 12, kHz 80 inaangukia 16, kHz 100 inaangukia 4. Kigawe cha kwanza kutua sifuri ni cha 12, kHz 240, na huko chujio letu dogo linapitisha chini ya asilimia 2 ya kitu ambacho chenyewe ni kidogo. Kushuka kutoka 50,000 hadi 48,000 kumekupa kipimo safi zaidi. Ndiyo maana nasema kasi huchaguliwa kwa hesabu, haichaguliwi kwa ukubwa peke yake.

Hii 48,000 ina faida nyingine: ni kasi ya kawaida ya kadi za sauti za kompyuta, ambazo huja na chujio lake ndani. Kadi ya sauti ya USB ya bei nafuu ni chombo kizuri cha kupima hamoniki, mradi umepunguza volti hadi kiwango chake na ukumbuke kwamba haipitishi umeme mnyoofu.

Na hapo neno la usalama. Usiunganishe gridi moja kwa moja kwenye bodi au kadi yoyote. Volti 230 za mita zina kilele cha volti 325. Tumia transfoma ya kushusha au probu ya tofauti (differential) iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kibanio cha ethi cha oskiloskopu ya mezani kimeungana na ethi ya jengo; ukikibana kwenye waya wa moto umefanya shoti mikononi mwako. Jua pia kwamba transfoma ndogo ya Hz 50 huwa si mwaminifu kwenye masafa ya kilohertzi, kwa hiyo inafaa kwa wimbi kuu na hamoniki za chini, haifai kuchunguza swichi za inveta.

Kasi uliyoandika na kasi unayoipata

Arduino Uno ni bodi ambayo wanafunzi wengi huanzia, na inafundisha somo hili vizuri. Kwa mpangilio wake wa kawaida, kigeuzi chake huendeshwa na saa ya kHz 125 na hutumia mapigo 13 kwa kila sampuli, yaani mikrosekunde 104. Kwa hesabu hiyo ni sampuli kama 9,600 kwa sekunde, na mwanafunzi huandika hivyo kwenye ripoti. Lakini programu yake inasoma namba moja, inaituma kwenye kompyuta kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, kisha inasoma nyingine. Kila herufi inachukua biti 10. Namba ya tarakimu tatu pamoja na alama mbili za kumaliza mstari ni herufi tano, biti 50. Gawa 9,600 kwa 50: kasi ya kweli ni sampuli 192 kwa sekunde.

Tazama matokeo yake. Hz 50 inapita salama, kwa kuwa iko chini ya 96. Hamoniki ya 3, Hz 150, inakunjwa hadi 42. Hamoniki ya 5, Hz 250, inakunjwa hadi 58. Zote mbili zimekaa ubavuni mwa Hz 50, kila moja kwa umbali wa Hz 8, na mchoro utaonyesha wimbi linalopanda na kushuka au kutikisika mara 8 kwa sekunde. Anayeuona atasema umeme wa mtaa wake unapepesa, atalalamikia shirika la umeme, kumbe mtikisiko umezaliwa kwenye waya wa USB.

Tiba ni kuhifadhi kwanza na kutuma baadaye. Uno ina baiti 2,048 za kumbukumbu. Sampuli 500 za baiti mbili mbili zinaenea. Soma saa ya mikrosekunde kabla ya sampuli ya kwanza na baada ya ya mwisho, gawa idadi ya sampuli kwa muda huo, na hiyo ndiyo kasi yako. Ukihitaji nafasi sawasawa kati ya sampuli, na unazihitaji ukitaka kuchanganua masafa, endesha usomaji kwa kipima muda cha ndani ya chipu, usiuache kwenye kitanzi cha kawaida cha programu.

Kwenye oskiloskopu

Sanduku la oskiloskopu limeandikwa sampuli bilioni 1 kwa sekunde, na hapo mtu hujiona amesalimika. Namba hiyo ni dari. Kasi halisi ni idadi ya pointi za kumbukumbu ukiigawa kwa muda unaoonyeshwa. Kumbukumbu ya pointi 10,000 na skrini ya sekunde 1 zinakupa sampuli 10,000 tu, na tumeshaona namba hiyo inavyoifanyia inveta ya kHz 20. Oskiloskopu nyingi pia hugawanya kasi ukiwasha chaneli ya pili. Kitufe cha kupunguza upana wa masafa hadi MHz 20 hakitakusaidia hapa. Kiko mbali mno juu ya nusu ya kasi uliyobakiwa nayo.

Kwa hiyo soma kasi iliyoandikwa pembeni mwa skrini kila unapogusa kitufe cha muda. Ukitaka kuona mizunguko mingi ya Hz 50 pamoja na uchafu wa swichi juu yake, ongeza kumbukumbu, au washa modi ya kunasa vilele, ambayo huendelea kuchukua sampuli kwa kasi kamili na kuhifadhi ya juu kabisa na ya chini kabisa katika kila kipande cha muda. Wimbi litaonekana nene, kama lililochorwa kwa brashi. Unene huo ni wa kweli. Ndio uchafu wenyewe.

Ukitaka kuona kingo za swichi zenyewe, sahau kHz 20. Wimbi la mraba lenye kingo za nanosekunde 100 lina masafa yanayofika MHz 3.5 hivi, ambayo ni 0.35 ukigawa kwa muda wa kupanda. Kwa hiyo weka angalau sampuli milioni 20 kwa sekunde na ufupishe muda wa skrini.

Kilele kinataka sampuli nyingi zaidi

Kukwepa masafa bandia hakumaanishi umepata umbo zuri. Sampuli mbili na nusu kwa mzunguko zinatosha kwa nadharia, lakini ukisoma kilele kwa kutafuta tu sampuli kubwa kuliko zote, ukiwa na sampuli 4 kwa mzunguko unaweza kukosa hadi asilimia 29 ya kilele. Ukiwa na 10, hadi asilimia 5. Ukiwa na 20, asilimia 1 na kitu. Kwa kilele cha volti 325, asilimia 29 ni zaidi ya volti 90. Anayetaka thamani ya RMS au nguvu peke yake, juu ya mizunguko kamili, hahitaji msongamano huo.

Jaribio la mwisho

Rudia kipimo chako kwa kasi nyingine isiyo na uhusiano mzuri na ile ya kwanza. Mstari wa kweli haubanduki. Ulioonekana Hz 50 kwa sampuli 1,000, ukiwa kwa kweli ni Hz 950, utahamia 180 ukitumia sampuli 1,130. Kwenye oskiloskopu ni kugeuza kitufe cha muda tu: wimbi linalobadilisha masafa yake unapobadilisha muda halipo kwenye waya.

Kisha pima chujio lako. Ukiwa na jenereta ya mawimbi na kasi ya 48,000, ingiza Hz 47,950 ya volti 1. Programu itaonyesha Hz 50. Kwa rezista na kapasita tulizozitaja, utasoma karibu milivolti 85, na hicho ndicho kiasi cha uchafu kinachovuja kwako kwa kila volti 1 iliyo katika masafa hayo. Ikiwa ni kingi kwa kazi yako, ongeza hatua ya pili ya chujio au panda kasi, kisha ujaribu tena. Andika namba hiyo kwenye ripoti, pamoja na kasi ya sampuli uliyoipima mwenyewe, masafa ya kukata ya chujio na urefu wa muda ulionaswa. Nawe ukiletewa ripoti inayodai hamoniki ya 3 ni asilimia kadhaa bila kutaja hayo, irudishe kwa aliyeiandika kabla hujamruhusu mtu kununua waya.